Vidonge vya Kahawia

Kwetu Unyakyusa mama na binti hawabebi mimba kwa wakati mmoja. Binti wa kwanza akishaolewa na tumbo lake likaonekana, mama yake anafunga uzazi. Haulizwi kama ameridhika. Wazee walisema ukikaidi, mmoja wa watoto hao atamla mwenzake: ama wa mama hafiki, ama wa binti anazaliwa na kunyauka. Na hata wote wakipona, unabaki na aibu ya kuchekwa sokoni na kanisani, kwamba yule bibi ananyonyesha na mjukuu wake ananyonya, hivi hawa watu hawana haya? Sitaki kubishana na mtu kama ni kweli au si kweli. Ninachosema ni kwamba mama yangu aliamini, na mtu mzima humwondolei anachokiamini kwa kumwambia tu kwamba siku hizi tuna reli.

Binti wa kwanza nilikuwa mimi. Niliolewa Iringa, miaka ile ya sabini reli ya kwenda Zambia ikiwa bado mpya, na mume wangu alikuwa Mhehe, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Tulipanga chumba Kihesa. Tumbo lilipofika miezi mitatu nikapanda basi kwenda Mbeya kuwaambia wazazi, maana habari ya namna hiyo haitumwi kwa mtu.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Soweto, pale pale Mbeya. Nilimkuta mama uani anamenya ndizi, mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa hata hajaanza kusema vizuri, amemng'ang'ania upindo wa kitenge. Sikuwahi kufungua kinywa. Aliniangalia shingoni, pale mshipa wa mjamzito unapochezacheza, akaweka kisu chini, akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Halafu akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa, akajishika tumbo lake mwenyewe. Lilikuwa tumbo tupu, lakini alilishika kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama hela zipo.

"Basi na mimi nimefunga, mwanangu," akasema. "Kuanzia leo."

Nilicheka. Nilidhani ni jambo la kucheka. Alikuwa bado na meno yote na mvi moja tu ambayo alikuwa akiing'oa kila ikirudi, anabeba mkungu mzima wa ndizi kichwani kutoka stendi mpaka sokoni Mwanjelwa bila kuushika. Mwanamke wa namna ile anafungaje?

Mila yenyewe inamtaka mume ahamie chumba kingine. Ndiyo dawa ya wazee, haina gharama na haimdhuru mtu. Lakini mke hamwambii mumewe jambo hilo kwa mdomo wake, anapeleka mtu. Mama akamtuma mama mdogo, yaani mdogo wake aliyemfuata, aliyekuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba alikuwa fundi wa karakana, mtu wa heshima zake kazini, na akitoka kazini alikuwa mtu wa pombe ya kimpumu. Mama mdogo alimsubiri siku ambayo hajapita kilabuni, akampigia magoti, akamweleza kwamba mtoto sasa ni mjamzito na mwenye nyumba anaombwa apumzike. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mimi nililipa ng'ombe," akasema. "Sifungiwi mlango na mjukuu ambaye hata hajazaliwa."

Nilikuwa chumba cha pili, nilisikia. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko damu inanichemka. Mila ile ile iliyompa haki ya kuhesabu ng'ombe ndiyo iliyomwambia ahame chumba, lakini yeye alichukua nusu inayomfaa, na nusu nyingine akamwachia mama.

Nilirudi Iringa. Yaliyofuata pale Soweto sikuyaona kwa macho, mengi nilisimuliwa na mama mdogo baadaye, na mama mdogo hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Mama alikuwa amesikia kwamba kuna kliniki mjini wanagawa vidonge vya kupanga uzazi, bure. Alikuwa amesikia na mengine pia, kama kila mtu. Kwamba vidonge vile vinarundikana tumboni visiyeyuke, mpaka siku moja unapasuliwa wanavitoa kwa kopo. Kwamba kuna mwanamke wa Chunya alizaa mtoto amevifumbata kiganjani. Baba naye alikuwa na yake, kwamba ni mpango wa Wazungu kutumaliza. Mama aliogopa hayo yote. Lakini aliogopa zaidi kuniua mimi au mtoto wangu, basi akajifunga khanga mbili na kwenda, na mama mdogo kando yake.

Walikaa benchi la nyuma pamoja na akina mama wengine. Nesi alisimama mbele, ameshika pakiti, akaanza somo. Akawaonyesha: hivi vyeupe, safu tatu, ndivyo vinavyozuia mimba. Hivi vya kahawia, safu hii ya mwisho, si vya kuzuia kitu, ni vya kuongeza damu. Mama alisikiliza kwa makini sana, mama mdogo anasema hata kupepesa macho hakupepesa. Halafu, kabla nesi hajaendelea, akaingia mkubwa wake, akauliza nani hapa amekuja bila mume wake au bila ridhaa ya mume wake. Hao watoke nje, wasipoteze nafasi, waje siku nyingine na wenye miji wao.

Mama akatoka. Alikuwa mtu wa kutii. Nyuma yao mlango ukafungwa na somo likaendelea kwa wale waliobaki, na sehemu iliyobaki ya somo lile ndiyo ingekuwa uhai wake. Mimi mtu akiniambia vidonge vinaua, namwambia kaa chini nikwambie kinachoua.

Kumleta baba kliniki lilikuwa jambo la kuota tu. Kwa hiyo akaenda kwa mtu mmoja nyuma ya soko, aliyekuwa na kibanda cha kuuza dawa. Watu walimwita dokta. Udokta wake aliusomea wapi, Mungu ndiye anajua. Nadhani alikuwa amewahi kupika chai mahali penye madaktari. Vidonge vilevile ambavyo kliniki waligawa bure, yeye aliviuza bei ya jogoo, kwa sababu, alisema, vinatoka upande wa Zambia na mpakani kuna watu wa kula. Akavifunga kwenye gazeti. Maelezo aliyompa ni haya tu: kila siku kimoja, usiruke hata siku moja.

Miaka ile sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Ndizi za mama zilitulisha sisi, zikawavalisha wadogo zangu, na bado zilitoa sadaka ya Jumapili. Sasa zikabeba na pakiti. Aliuza jogoo kweli, kisha mtetea, kisha kitenge chake cha Zaire alichokuwa amekihifadhi sandukuni kwa ajili ya siku nitakayojifungua. Baba hakujua. Vidonge vilikaa ndani ya kopo la chumvi, na chumvi ikahamia kwenye bakuli.

Huku Iringa mimi nilikuwa nimeanza kuzimika. Nikisimama naona giza, nikipanda kilima cha kutoka sokoni napumzika kila kona. Wahehe ni watu wa kilimo, hawana huruma na mwanamke anayekaa chini mchana, na mama mkwe alishaanza kuguna. Nikaenda kupimwa. Nesi alinivuta kope la chini, akaangalia ndani, akasema huna damu kabisa, na dawa ya damu imekwisha tangu mwezi uliopita. Akaniambia nile maini. Maini! Nilitaka kumuuliza kama ni yangu au ya nani.

Mabasi ya Mbeya yalikuwa na makonda waliofahamiana na kila mtu. Ulikuwa unawapa wakupelekee salamu, mchele, hata mtoto. Nikamtuma konda mmoja amwambie mama kwamba nimeambiwa sina damu. Sikuwa na maana ya kuomba kitu. Mtu akiumwa anamwambia mama yake, basi.

Haukupita muda konda akaniletea kifurushi. Mchele wa Kyela kwenye mfuko wa unga, na ndani ya mchele kipande cha khanga kimefungwa fundo. Nikalifungua. Vidonge vidogo vya kahawia, vimenyofolewa kimoja kimoja kutoka mahali pake. Konda alikuwa amekaririshwa ujumbe, akausema amesimama wima kama mtoto wa shule: mama anasema hivi ni vya damu, kila siku kimoja, usiruke.

Nilidhani amevipata hospitali. Pakiti ya vidonge vya uzazi sikuwa nimewahi kuiona, na hata ningeiona nisingejua kuisoma. Nikavimeza. Vilikuwa na ladha ya msumari. Mwezi uliofuata kikaja kifurushi kingine, na baada yake kingine, kila mara fundo lilelile la mama, la kukaza kwa meno. Giza likapungua machoni. Nikaanza kupanda kilima bila kusimama, na mama mkwe akaacha kuguna akaanza kusema kwamba hatimaye ugali wa Iringa umenikubali.

Sasa sikiliza alichokuwa anafanya mama yangu. Alikuwa amesikia kwa masikio yake, kutoka kwa nesi mwenye sare, kwamba vya kahawia havizuii kitu, ni vya damu. Naye damu alikuwa nayo tele. Binti yake hana. Basi yeye avile vya nini? Akimaliza vyeupe anavikata vile vya kahawia, anavifunga, ananitumia mimi. Na kwa kuwa ameambiwa asiruke hata siku moja, kesho yake anaanza pakiti mpya. Ndiyo maana pakiti zilimwisha upesi na kitenge kikaenda. Ungempa hesabu ile mama yeyote wa Unyakyusa angeijibu vilevile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Baada ya pakiti ya kwanza, damu yake ya mwezi haikuja. Akasema labda imechelewa. Akaanza pakiti ya pili. Kichefuchefu kikamshika asubuhi, matiti yakajaa na kuuma, magauni yakambana. Mwezi wa pili nao damu haikuja. Mama alikuwa amezaa mara saba. Hakuhitaji mtu wa kumfundisha dalili. Mama mdogo anasema aliacha kula na watu. Alikuwa anakaa jikoni, anaangalia moto, na mkono tumboni. Usiku baba akimgusa anajifanya amelala. Siku moja akamwambia mama mdogo, nimemchimbia mtoto wangu kaburi.

Walikwenda wote wawili kwa yule dokta wa nyuma ya soko. Mama akamweleza aibu yake yote, mbele ya mwanamume, huku anaangalia chini. Yule mtu hakuuliza amevila vipi, wala hakutaka kuiona pakiti. Akasema basi mama ulianza umeshachelewa, mimba ilikuwemo tayari, vidonge havitoi kilichokwisha kuingia. Akamwuliza kama anataka pakiti nyingine ya baadaye.

Ningempata yule mtu ningemwuma. Nasema kweli, kwa meno haya machache niliyobaki nayo.

Mama hakuendelea na vyeupe, maana vya nini? Alikuwa katikati ya pakiti ya nne. Kesho yake asubuhi aliwaamsha wadogo zangu, akawapikia uji, akamwachia jirani yule wa mwisho, akatoka na mama mdogo kwenda ng'ambo ya mto kwa mwanamke mmoja aliyejulikana kwa kazi ya kutoa mimba. Mama mdogo alimwomba wangoje wiki moja tu, wafikiri. Mama akamwambia kwamba kila siku anayongoja yule wa tumboni anazidi kupata nguvu na mjukuu anazidi kunyonywa.

Alichofanyiwa kule sitakieleza. Alirudi kwa miguu yake, akapika chakula cha jioni. Siku iliyofuata akaanza kutetemeka na kutokwa, na hakukubali kupelekwa hospitali mpaka alipokuwa hawezi tena kukataa. Alipofikishwa alikuwa ameshaiva kwa homa. Daktari alimpasua. Alitoka amevua glavu, akawaambia baba na mama mdogo kwamba mgonjwa ameharibika sana ndani, ameoza, na hatapona. Kisha akawauliza, kama mtu anayeshangaa kweli, kwa nini alifanya hivi? Hapakuwa na mimba.

Mama mdogo alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba arudie. Akarudia: kizazi kilikuwa kitupu. Mama alifariki kabla hapajapambazuka.

Mimi nilifika kwa basi la mchana, tumbo likiwa mbele yangu. Msiba wa Kinyakyusa si jambo dogo. Walishajaa mpaka barabarani, akina mama wanalia kwa zamu, wanaume wanapiga ngoma, na gari limeandaliwa kumpeleka Rungwe akazikwe kwao. Wazee wa kike wakanizuia mlangoni. Mjamzito haoni maiti. Mjamzito hafiki kaburini. Nikawaambia ni mama yangu. Wakaniambia ndiyo, na wewe una mtoto wa watu. Wakanikalisha jikoni kwa jirani, na mwanamke mmoja akawekwa mlangoni ili nisitoroke. Nilisikia gari likiwaka, nikasikia vilio vikipanda garini na kwenda navyo. Sikumwona. Sijui alivalishwa nini, maana kitenge chake kizuri kilikuwa kimeuzwa, ingawa siku ile sikulijua hilo.

Na walioachwa nyuma kupika walisema sana. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema, na walilisema kwa ile sauti ya mtu aliyeshiba. Wengine walisema mimba ilikuwepo, ila yule mwanamke wa ng'ambo aliiondoa kwa uchawi isionekane hata kwa daktari. Baba alisema ni kazi ya Mungu. Nilimwona anapokea rambirambi, analia machozi ya kweli, na sikujua nimchukie au nimshike mkono. Nilimchukia. Ndilo lililokuwa jepesi.

Nilirudi Iringa na vidonge vichache vya kifurushi cha mwisho, ambacho konda alikuwa amekileta juma moja kabla ya msiba. Nilivimeza vyote. Nilizaa mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Nilivuja damu nyingi kitandani pale, na mkunga alihangaika, lakini nikapona, na asubuhi akaja kunivuta kope.

"Una damu nzuri wewe," akasema. "Ulikuwa unakula nini?"

Nikamwambia mama yangu alinitumia dawa. Akasema mshukuru sana.

Mtoto alipoanza kucheka nikaenda kliniki ya Iringa. Nilikuwa nimeapa sitazaa upesi, na mume wangu alinielewa; alikuja naye na vumbi la mbao kwenye nyusi, akakaa kando yangu kwenye benchi, mwanamume peke yake kati ya wanawake, akiangalia viatu vyake. Kwa hiyo mimi sikutolewa nje. Nesi akanyanyua pakiti. Nikaviona.

Sikusikia maneno ya kwanza. Nilikuwa naangalia ile safu ya mwisho, ya kahawia, na ladha ya msumari imenijaa mdomoni. Nikaanza kusikia pale aliposema kwamba hivi vya kahawia ni vya damu, lakini siku za kuvila ndizo siku ambazo damu ya mwezi inashuka, kwa sababu mwili umepumzishwa vile vyeupe. Kwa hiyo mtu asiviruke akaunga vyeupe na vyeupe. Akiunga, damu haiji. Atadhani ana mimba, na kichefuchefu nacho kitamdanganya, maana vidonge hivi mwanzoni vinatapisha.

Mume wangu anasema nilisimama. Mimi sikumbuki. Nakumbuka niliuliza, na sauti haikuwa yangu, mtu aliyefanya hivyo akitaka damu irudi afanye nini.

"Hafanyi kitu," nesi akasema. "Aache tu vile vyeupe. Siku mbili tatu itakuja yenyewe."

Siku mbili tatu. Mama alikuwa ameviacha. Aliviacha siku ile walipotoka kwa yule mwuza dawa, na kesho yake asubuhi akavuka mto. Angemsikiliza mdogo wake angengoja wiki moja, na ndani ya wiki ile angeamka amechafua shuka, angepiga kigelegele, angenitumia mchele. Nililia pale kliniki mpaka mtoto naye akaanza kulia, na akina mama wakafikiri nimeogopa vidonge. Wawili wakaondoka.

Tulikwenda Mbeya kumwonyesha mtoto kwa baba. Alimpakata, akamwangalia sana, akasema amefanana na marehemu. Alikuwa amehamia chumba cha mbele peke yake. Kile chumba chao kilikuwa kimefungwa kufuli. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumwambia, nimeyapanga njia nzima tangu Makambako, na nilipomwona anamtekenya mtoto shavuni kwa kidole chenye grisi nikayameza. Sikumsamehe. Nilichoka tu.

Mama mdogo ndiye niliyemwambia. Yeye alikuwa amekonda mpaka hatambuliki. Tangu siku ile ya daktari alikuwa anajiuliza swali moja, mimba ile ilikwenda wapi, na swali lilikuwa linamla. Tulikaa jikoni kwake, mtoto ananyonya, nikamweleza somo lote, lile walilotolewa nje kabla halijaisha. Nilimweleza vyeupe, nikamweleza vya kahawia, nikamweleza siku mbili tatu. Nilidhani atapiga yowe. Hakupiga. Aliinuka, akaingia chumbani, nikasikia sanduku likifunguliwa.

Alirudi na kipande cha khanga kimefungwa fundo. Nililijua fundo kabla sijaliona vizuri.

"Alikifunga asubuhi ile, kabla hatujaondoka," akasema. "Vyeupe aliviacha kwenye kopo, hivi akavikata. Aliniambia nikichelewa kurudi mpe konda, mtoto asije akakosa siku. Sikuweza kukitoa. Nisamehe."

Nikalifungua kwa meno, kama lilivyofungwa. Vilikuwa vimepauka kidogo kwa unyevu. Nilikuwa nimeshazaa, damu yangu ilikuwa nzuri, nesi alishasema, na sikuwa na haja navyo. Nikaomba maji, nikameza kimoja pale pale jikoni, mama mdogo akiniangalia. Vingine nilivimalizia Iringa, kila siku kimoja, sikuruka.